Sura ya 13 na Jumanne ya kwanza ya mwezi

Texas ina siku yake ya mnada. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, nyumba ambazo wenyewe wameshindwa marejesho huuzwa mahali palipotengwa na kaunti, mara nyingi kwenye jengo la mahakama. Jengo ni la mahakama, lakini hakuna jaji anayesimamia wala kesi iliyosikilizwa kwanza. Mtu aliyeteuliwa na mkopeshaji anasoma maelezo ya nyumba, wanunuzi wanataja bei, mwenye dau kubwa anaichukua. Kule Minnesota, ambako nako tuna ndugu wengi, mwenye nyumba kwa kawaida ana miezi 6 baada ya mnada ya kutafuta fedha na kuikomboa. Huku kwetu, nyumba ikishauzwa kwa deni la benki, hakuna kukomboa.

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiwasindikiza watu wa jumuiya yetu, hapa Dallas na Fort Worth, kwenda kwa mawakili na kwa washauri wa nyumba. Kazi yangu ni kutafsiri tu. Mimi si wakili, na anayesoma hapa bado anahitaji wakili wa jimbo lake. Lakini nimekaa kwenye viti hivyo vya kutosha kujua kwamba wengi wetu tunafika siku nne au tano kabla ya Jumanne ile, barua za benki zikiwa kwenye mfuko wa rambo, nyingine hazijafunguliwa. Ukiuliza kwa nini hawakuja mapema, jibu ni lile lile: watu wangesema nini, kwamba fulani kafilisika Marekani? Kwa hiyo naandika juu ya kufilisika bila kupunguza sauti. Ni haki iliyo kwenye sheria za nchi tunayolipia kodi. Inaweza kuokoa nyumba ya familia, mradi mtu aingie akiwa na kipato, aingie kabla ya mnada, na asifiche kitu.

Mtu aliyekulia Tanzania au Kenya anajua habari ya zuio la mahakama. Benki ikitangaza kuuza nyumba, unatafuta wakili, anapeleka maombi, na lazima jaji aridhike kwamba una hoja ndipo atoe amri. Katika sheria ya ufilisi ya Marekani zuio linakuja lenyewe. Kifungu cha 362 kinasema hivyo: faili likishapokelewa tu na mahakama ya ufilisi, wadai wote wanatakiwa kusimama. Mnada unasimama. Makato ya mshahara yanayotokana na madeni ya kawaida yanasimama. Simu za wakusanya madeni zinasimama. Hakuna anayekuuliza kwanza kama unastahili. Wakili anatuma faili kwa kompyuta hata Jumatatu saa 5 usiku, anapata namba ya kesi, na usiku huo huo anaituma kwa ofisi ya wanasheria wanaoendesha mnada. Wakiuza kesho yake licha ya hayo, mauzo hayo yanaweza kubatilishwa.

Ndiyo maana watu husema kufilisika "kunasimamisha benki". Ni kweli, kunasimamisha. Ila swali ni kunasimamisha kwa muda gani, na ufanye nini katika muda huo. Hapo ndipo tofauti ya Sura ya 7 na Sura ya 13 za sheria hiyo ya ufilisi inapokuwa kubwa, na hapo ndipo ushauri wa mtaani unapowapoteza watu.

Sura ya 7 inafuta madeni: kadi za mkopo, bili za hospitali, mikopo isiyo na dhamana. Mara nyingi yote yanamalizika katika miezi minne hivi. Lakini haina utaratibu wa kulipa malimbikizo ya nyumba. Benki inaweza kuiomba mahakama iiondolee zuio, na kama hulipi, kwa kawaida inapewa. Hata isipoomba, kesi ikifungwa mnada unarudi. Sura ya 7 inakuondolea wewe mwenyewe wajibu wa kulipa, kiasi kwamba nyumba ikiuzwa kwa bei ndogo kuliko deni, benki haiwezi kukufuata kwa salio. Haki ya benki juu ya nyumba yenyewe inabaki palepale. Kwa mtu ambaye ameshakubali kuondoka na anataka miezi michache ya kutafuta pa kupanga na kuhamisha watoto shule kwa utaratibu, hilo si jambo dogo. Kwa mtu anayetaka kubaki ndani ya nyumba, kwa kawaida Sura ya 7 ni kuahirisha tu.

Sura ya 13 ndiyo iliyotengenezwa kwa mwenye kipato anayetaka kubaki. Inakuruhusu kuyagawa malimbikizo katika mpango wa miaka 3 hadi 5, huku ukiendelea kulipa rejesho la kawaida la kila mwezi. Haki hiyo iko wazi hadi nyumba inapouzwa mnadani kwa utaratibu wa sheria ya jimbo. Baada ya hapo, kwa Texas, umechelewa. Kufungua faili Jumanne jioni hakurudishi nyumba iliyouzwa Jumanne asubuhi.

Nitaeleza ya wenzetu wawili, mume na mke, ambao wamenipa ruhusa. Tarakimu nimezisogeza kidogo ili wasijulikane. Mahesabu yanakwenda vile vile. Mume ni dereva wa malori ya masafa, mke anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Rejesho lao lilikuwa dola 2,100 kwa mwezi, ndani yake mkiwa na kodi ya majengo na bima, vitu ambavyo hapa Texas vinapanda kila mara. Mume akaumia bega, akakaa bila kazi karibu nusu mwaka. Waliposimama tena walikuwa wamekosa marejesho sita. Yeye amerudi barabarani, mshahara umerudi, na benki inataka yote kwa mkupuo: dola 12,600, pamoja na gharama za wanasheria wake na ada za kuchelewa, dola 1,800. Jumla 14,400. Nani mwenye kazi kama zetu ana dola 14,400 zimekaa?

Barua ya kwanza iliwapa siku 20 za kulipa yote. Ya pili, iliyokuja kwa rejista, ilitaja tarehe ya mnada, siku 21 mbele, na tangazo lilikuwa limeshabandikwa mahakamani na kuandikishwa kwa karani wa kaunti. Mke alinipigia Alhamisi.

"Shikamoo dada. Samahani kukusumbua kazini. Wanasema Jumanne wanauza."

"Marahaba mdogo wangu. Jumanne ipi?"

"Hii."

Ijumaa asubuhi tulikuwa kwa wakili. Jambo la kwanza aliloagiza ni kozi ya ushauri wa madeni. Sheria inataka kila mtu aimalize kabla ya kufungua faili, ndani ya siku 180 zilizotangulia, na cheti chake kiambatishwe. Inafanyika kwa simu au kwenye intaneti, saa moja au mbili hivi, lakini lazima ifanywe na taasisi iliyoidhinishwa. Nimeshuhudia kesi ya mtu mwingine ikitupwa kwa sababu ya kukosa karatasi hiyo moja. Hawa wawili waliifanya kwenye simu, wameketi kwenye ngazi nje ya ofisi, mume akitaja mapato na mke akitaja matumizi, nami nikitafsiri maswali waliyokwama.

Ada ya kufungua faili la Sura ya 13 ilikuwa dola 313, na mahakama inaweza kukubali ilipwe kwa awamu. Malipo ya wakili, sehemu kubwa yake iliingizwa ndani ya mpango wenyewe. Wengi hawajui hili, na wanabaki nyumbani wakidhani wakili atadai maelfu mezani siku ya kwanza.

Sasa mahesabu. Dola 14,400 ukizigawa kwa miezi 60 unapata 240. Kwa hiyo badala ya kutafuta 14,400 kufikia Jumanne, walitakiwa kulipa 2,100 za kila mwezi na 240 juu yake, pamoja na sehemu ya wakili na makato ya msimamizi wa Sura ya 13 (anayepokea malipo yako na kuwagawia wadai), ambayo kisheria hayazidi asilimia 10 ya anachopokea na kugawa. Mpango ulitakiwa kuwa mahakamani ndani ya siku 14, na malipo ya kwanza kuanza ndani ya siku 30 tangu faili lifunguliwe, hata kama jaji bado hajauidhinisha. Hapo ndipo nikaelewa kwa nini wakili aliuliza habari ya kazi ya mume mara tatu kwa namna tatu. Mtu asiye na mshahara unaoingia hawezi kubeba mpango huu hata mwezi mmoja.

Kisha likaja swali ambalo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Wakili aliuliza: mna mali yoyote nje ya Marekani?

Kimya. Mume akanitazama mimi, siyo wakili. Nikalirudia swali kwa Kiswahili, ingawa alikuwa amelielewa vizuri. Wana kiwanja Kibaha. Hakijajengwa, hati bado iko kwa jina la kaka mtu kwa sababu ndiye aliyesimamia ununuzi. "Hicho nacho kinahusiana nini na nyumba ya huku?"

Kinahusiana sana. Sheria inahesabu mali yako popote ilipo duniani na kwa mtu yeyote inakoshikiliwa. Kiwanja Kibaha, shamba la urithi mliloshagawana, hisa kwenye Sacco, fedha zako kwenye kikundi cha upatu, akaunti ya simu yenye salio: vyote vinaandikwa. Fomu zinauliza pia zawadi ulizotoa katika miaka 2 iliyopita kwa mtu mmoja zikizidi dola 600, na malipo uliyowafanyia ndugu ndani ya mwaka mmoja. Yule shemeji uliyemrudishia deni lake la dola 2,000 mwezi wa nne kwa kuwa mtu muungwana hakai na deni la ndugu, naye anaandikwa, na msimamizi anaweza kuhoji kwa nini yeye alilipwa na hospitali haikulipwa. Unasaini yote hayo kwa kiapo. Kuficha mali kwenye ufilisi ni kosa la jinai la serikali kuu, na kwa mtu ambaye bado yuko kwenye safari ya uraia, kosa la aina hiyo ni hatari kuliko kupoteza nyumba. Kufungua faili kwa ukweli siko kunakomzuia mtu kupata uraia. Uongo chini ya kiapo ndio unaoweza kumharibia.

Wakaandika kiwanja. Thamani yake ilikadiriwa kuwa sawa na dola 3,600. Texas inalinda nyumba unayoishi bila kikomo cha thamani, isipokuwa kwa walionunua karibuni ambao sheria ya serikali kuu inawawekea mpaka. Wao walikuwa wameishi mle muda mrefu. Lakini kinga hiyo haifiki Kibaha. Kwa hiyo mpango wao ulipaswa kuwalipa wadai wasio na dhamana, yaani hospitali na kadi za mkopo, angalau kiasi kinacholingana na thamani ya kiwanja. Dola 3,600 kwa miezi 60 ni dola 60 kwa mwezi. Ndiyo bei ya kusema ukweli: dola 60 kwa mwezi, na kiwanja kikabaki chao.

Mke alikuwa na hofu nyingine, ya fedha anazomtumia mama yake kwa ajili ya dawa, na sadaka ya kanisani. Alidhani vyote vitakatwa. Fomu ya matumizi ina mstari wa msaada kwa watu usioishi nao, na msimamizi anaweza kuuliza, lakini haukatazwi. Sadaka nayo inatambuliwa: sheria inaruhusu michango ya dini na hisani hadi asilimia 15 ya pato ghafi la mwaka kuhesabiwa kama matumizi halali. Sikutegemea kuona uso wa mtu ukifunguka hivyo kwa sababu ya mstari kwenye fomu.

Wiki chache baadaye ulikuja mkutano wa wadai, unaotajwa kwenye kifungu cha 341. Neno mkutano linatisha kuliko jambo lenyewe. Siku hizi unafanyika kwa video, msimamizi anauliza maswali, unaonyesha kitambulisho na uthibitisho wa namba ya hifadhi ya jamii, na wadai mara nyingi hata hawatokei. Mkalimani wa simu anapatikana bure ukiomba mapema, Kiswahili kikiwemo. Usimpeleke mwanao wa darasa la tisa akutafsirie madeni yako.

Kuna jambo kwenye sheria hii linaloniuma, na sitalipita. Katika Sura ya 13 mahakama inaweza kubadilisha masharti ya mikopo mingi. Inaweza kugusa mkopo wa nyumba unayopangisha. Lakini mkopo wa nyumba unayolala wewe na watoto wako, kama dhamana yake ni hiyo nyumba peke yake, masharti yake hayaguswi. Mahakama ya Juu ya Marekani iliweka hilo wazi mwaka 1993 katika kesi ya Nobelman: hata nyumba ikiwa imeshuka thamani chini ya deni, jaji hawezi kulipunguza deni lifike kwenye thamani. Baada ya nyumba kuporomoka bei kote nchini, Seneta Dick Durbin alijaribu kulibadilisha. Tarehe 30 Aprili 2009 Seneti ikakataa, kura 45 kwa 51. Wakulima walikuwa wameshapewa nafuu yao tangu 1986 katika Sura ya 12. Mwenye nyumba anayeishi kwa kazi za mikono akaachiwa haki ya kulipa malimbikizo polepole, riba ile ile, deni lile lile. Naona si haki. Mwenye nyumba tatu ana nafasi ambayo mwenye moja hana.

Mlango mmoja ulioachwa wazi ni mkopo wa pili. Kama thamani ya nyumba haitoshi hata kufikia mkopo wa pili, Sura ya 13 inaweza kuuondoa kwenye nyumba na kuuweka pamoja na kadi za mkopo. Ukimaliza mpango, mkopo huo umeondoka. Muulize wakili wako kama unakuhusu.

Wanaopotea zaidi ni wanaolitumia zuio kama kamba ya kuvuta siku. Anafungua faili Jumatatu, mnada unasimama, halipi mpango, kesi inafutwa. Mwezi unaofuata anafungua tena. Bunge lililiona hilo likaziba mwaka 2005. Kesi yako ikiwa imefutwa ndani ya mwaka mmoja uliopita, zuio la kesi ya pili linakwisha baada ya siku 30 usipoishawishi mahakama kuliongeza. Zikiwa zimefutwa mbili, kesi ya tatu haina zuio kabisa mpaka jaji aliweke. Na mahakama ikigundua mpango wa kuichelewesha na kuihadaa benki, inaweza kutoa amri inayoifunga nyumba yenyewe kwa miaka 2, hata akija kufungua faili mtu mwingine.

Ndipo wanapoingia wale wanaojiita waokoaji wa nyumba. Majina yao wanayapata kwenye matangazo ya mnada, kwa hiyo ukianza kupata simu na kadi mlangoni ujue tangazo limeshabandikwa. Mmoja alimwambia mzee wetu ahamishie sehemu ndogo ya hati kwa mtu asiyemjua, "kwa muda tu". Huyo asiyemjua alikuwa tayari kwenye ufilisi, na nyumba ya mzee ikachomekwa kwenye kesi ya mgeni. Mzee aliwalipa dola 500 kila mwezi kwa huduma hiyo, huku benki haipokei hata senti. Mtu yeyote anayekutaka usaini hati ya nyumba, au uache kuongea na benki, au ulipe kwanza ndipo akusaidie, mfungie mlango. Washauri wa nyumba walioidhinishwa na HUD, wizara ya makazi ya serikali kuu, hawatozi kitu kwa ushauri wa kuzuia mnada.

Kesi nyingi za Sura ya 13 hazifiki mwisho, na watu wanaofungua bila wakili wanaanguka zaidi. Miaka mitano ni mirefu. Gari linaharibika, saa za kazi zinapunguzwa, kuna msiba nyumbani na tiketi ya ndege. Hapo tena watu wetu wananyamaza, wanakosa malipo mawili, kesi inafutwa, zuio linaondoka. Mpango unaweza kurekebishwa. Wakili anaweza kuomba. Rejesho la nyumba likipanda kwa sababu ya kodi au bima, kampuni inayokusanya marejesho inatakiwa kuiarifu mahakama siku 21 kabla, nanyi mna haki ya kuhoji. Wale wenzangu wawili limewapata hilo mwaka jana. Walipiga simu kwa wakili wiki ile ile waliyopata barua, mahesabu yakapangwa upya, na wanaendelea.

Juzi yule mke amenipigia tena, safari hii kwa ajili ya mdogo wake wa Houston aliyepunguziwa saa za kazi. Amekosa marejesho mawili. Nilimwambia huyo bado yuko mbali na Sura ya 13. Kanuni za serikali kuu kwa kawaida haziruhusu kampuni kuanza taratibu za mnada kabla deni halijachelewa zaidi ya siku 120, na akipeleka maombi kamili ya kubadilishiwa mkopo mapema, hawawezi kuanza taratibu hizo kabla ya kuyajibu. Anahitaji hati zake za mshahara za hivi karibuni, taarifa za benki, marejesho ya kodi, na barua fupi ya kueleza kilichotokea. Jumamosi tutakaa naye kwa simu tuijaze fomu pamoja.